Ukuta Usiofika Paani

Vijana wa chumba cha kompyuta, siku mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nilicheka, nikasema nitaandika, nikidhani mtasahau. Hamkusahau. Sasa niko nyumbani, magoti yananisumbua, na nimegundua kwamba kustaafu kwa sehemu kubwa ni kusubiri maji ya bomba yarudi. Basi naandika. Vyeo vyangu mnavijua, vilikuwa vichache na vilichelewa, sitavigusa. Nitasema yale ambayo hamtayakuta kwenye semina zenu za hotelini. Ninaonya mapema kwamba si habari za kufurahisha. Anayetaka kufurahi asome gazeti la michezo.

Nilianza kazi Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Niliajiriwa kupiga chapa. Kazi ilikuwa nyepesi, vumbi ndilo lilikuwa zito. Nyuzi za pamba ziliingia kwenye taipureta, kwenye chai, kwenye nywele, na msimu wa mavuno sote tulikohoa kama wazee. Kompyuta ya kwanza ililetwa ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi. Ikawekwa ofisini kwa mkuu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa hapo muda mrefu bila mtu kuiwasha. Wageni waliiona, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaondoka. Hatimaye mkuu aliamua kwamba lazima mtu ajifunze. Akanichagua mimi, kwa sababu nilikuwa na vidole vyepesi na, kama alivyosema mbele yangu, ofisi isingepungukiwa na chochote nikikosekana mezani.

Nikapelekwa kwa Mzee Jayanti. Alikuwa Mhindi mwenye duka karibu na soko. Babu yake ndiye aliyekuja Shinyanga kununua pamba, yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kuishi kwingine. Alitengeneza redio, cherehani, taipureta, na sasa kompyuta. Alikuwa na Kisukuma cha kuulizia bei na Kiswahili cha kukaripia.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Kaa pale. Usiguse."

Hilo la "usiguse" ndilo lilikuwa somo langu kwa wiki nzima. Nilikaa nikamtazama akifungua mashine, akizipiga brashi ya rangi kutoa vumbi, akipanga skrubu kwenye vibiriti vitupu, kila kibiriti na skrubu zake. Nilipomuuliza kompyuta inakumbukaje mambo, alinionyesha vile vibiriti. "Namna hii tu. Haina akili, binti. Ina nafasi. Unaiambia weka hiki pale, inaweka. Ukijaza kibiriti kupita kiasi, skrubu inaangukia cha jirani. Jirani atajua siku anapotafuta skrubu yake, akutane na ya mwenzake."

Alinipa bisibisi ndogo yenye mpini wa mbao, ninayo hadi leo. Alinipa pia neno moja ambalo nililichukulia kama ubahili wa mwenye duka: "Ukileta kitu kipya, cha zamani usikitupe. Subiri kipya kikukosee mara moja, ujue kinakosea namna gani." Ghala lake lilijaa vitu ambavyo hajavitupa. Mkewe alilalamika kila Jumamosi.

Miaka michache baadaye pamba ilidorora na kiwanda kikaanza kufanya kazi kwa kusuasua. Nikaomba kazi mgodini. Mgodi wenyewe sitautaja. Ulikuwa wa kati, upande wa Bugarama ukielekea Geita, na siku hizi hata kibao chake hakipo. Siku niliyoripoti nilifika nimegeuka mwekundu kwa vumbi la barabara, na mtu wa kwanza kuongea nami alikuwa karani wa getini, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu Kisukuma, akiniita mama kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Umetoka kwa nani?"

Si "umetoka wapi". Kwa nani. Huyo ndiye Mama Kulwa. Alikuwa mjane, mama wa mapacha, mwenyeji wa kijiji cha jirani, na alimjua kila aliyepita pale kwa baba yake na kwa mji wao. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu. Anayeshuka shimoni alichukua kisahani cha shaba chenye namba kutoka kwenye ubao wa misumari, akitoka alikirudisha. Msumari mtupu ulimaanisha kuna mtu chini. Kabla ya kulipua baruti, mlipuaji aliuliza kwa redio ya upepo kama kuna mtu ndani, Mama Kulwa akautazama ubao, akajibu. Mlipuaji hakuwa na macho mengine zaidi ya yale.

Ile kazi aliifanya kwa moyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alikuwa akisema, "Mimi huwa sihesabu visahani. Nahesabu watoto wa watu."

Kabla sijasema habari ya kompyuta, lazima niwaeleze msiba wa uongo. Kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, kwa hiyo akina Shija ni wengi. Mgodi wetu ulikuwa na Shija Luhende wawili, kila mmoja na baba yake Luhende. Siku moja mwamba ukamwangukia mmoja wao akafa, na gari la taarifa likaenda kwenye mji wa yule mwingine. Mzee Luhende, baba wa aliye hai, akapokea msiba. Watu wakajaa, wanawake wakalia, ng'ombe akachinjwa. Jioni Shija mwenyewe akatokea kwa baiskeli, akiwa na kilo ya sukari kwenye usukani, akauliza nani amefariki. Waliokuwa wakimlilia walikimbia hadi wengine wakaacha viatu.

Watu waliicheka hadithi ile kwa muda mrefu, na hata Shija aliisimulia mwenyewe, akiigiza namna shangazi yake alivyoruka ua. Alikuwa kijana mpole wa pampu za maji, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Lakini baba yake hakucheka. Alikuja getini na fimbo yake, akaketi, akakataa kuondoka hadi meneja atoke.

"Mimi nimemlilia mwanangu akiwa hai," alisema. "Na kuna mwenzangu ambaye siku hiyo mwanawe alikuwa amekufa, yeye anapalilia mahindi. Msituandikie tena jina na jina la baba tu. Mwandikeni mtu na baba yake, na babu yake, na kijiji chake. Hapo hata kifo hakitapotea njia."

Meneja alikubali, kwa sababu ombi lilikuwa la haki na halikumgharimu chochote. Hata mimi niliona ni la haki. Bado naliona hivyo.

Sasa kompyuta. Makao makuu walileta programu ya getini, ya kuchukua nafasi ya ule ubao. Programu yenyewe ilikuwa ya zamani, iliandikwa kwa ajili ya mashine ambazo hata Mzee Jayanti alikuwa ameanza kuziuza kwa kilo. Mashine mpya haikuielewa. Basi wakaleta programu ya pili, ambayo kazi yake ilikuwa kujifanya mashine ya zamani. Ninyi leo mnaziita mashine pepe, mnazifungua na kuzifunga kabla ya chai. Sisi tuliziita vyumba. Ndani ya kompyuta moja tulikuwa na vyumba viwili, na kila chumba kiliamini kwamba chenyewe ndicho kompyuta nzima. Kimoja kilikuwa cha wachimbaji na wachorongaji wanaotoboa mwamba, kingine cha mafundi wa umeme na pampu. Programu ya zamani haikuweza kubeba watu wote kwa pamoja, na kununua kompyuta ya pili kulionekana ni anasa.

Kitabu cha maelezo kilisema kwamba chumba kimoja hakiwezi kamwe kugusa kilichomo kwenye chumba kingine. Nilikisoma mwenyewe. Kilikuwa na jalada zuri sana.

Ubao wa misumari ukang'olewa. Nilikumbuka maneno ya Mzee Jayanti, nikasema tuuache ubaki hata kwa mwaka. Meneja akasema ubao unaharibu sura ya ofisi mpya. Visahani vikatiwa kwenye gunia, gunia likatupwa stoo. Mama Kulwa alijifunza kompyuta haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Aliandika majina yote kama Mzee Luhende alivyoomba, na wale ambao majina ya babu zao yalikuwa marefu aliyaandika yote, herufi kwa herufi, akiwauliza mara mbili. Kilichomfurahisha kuhusu kompyuta ni kwamba ilikuwa na nafasi ya kuandika mengi. Ndivyo ilivyoonekana machoni.

Mchana mmoja wa kiangazi, wakati wa kubadilishana zamu, mlipuaji aliita kwa redio kama kawaida. "Getini, ndani kuna mtu?"

Mama Kulwa alitazama chumba cha kwanza, akatazama cha pili. Vyote viwili vilionyesha kila mtu yuko nje. "Hakuna mtu," alisema. Wote tuliokuwa na redio tulimsikia.

Shija Luhende alikuwa chini, kwenye kisima cha pampu, mwisho wa njia ya pembeni, na pampu ikiwa inanguruma king'ora cha kuonya mlipuko hakisikiki. Walimtoa kabla ya magharibi. Sitaeleza zaidi. Nilimwona kwa sababu nilikuwa njiani, na nilitamani nisingekuwa njiani.

Kabla mwili haujapelekwa kwao, tayari lawama ilikuwa imepata pa kukaa. Meneja alisema mashine haidanganyi, kwa hiyo karani amemtoa mtu kwenye orodha kwa uzembe, na ataandika hivyo. Huko nje hawakuongelea uzembe. Machimboni kuna imani ya tangu zamani kwamba dhahabu haitoki mpaka ipewe damu. Mama Kulwa alikuwa ameezeka nyumba yake bati muda si mrefu uliopita. Bati limetoka wapi? Mjane, mama wa mapacha, anayejua jina la kila mtu na la babu yake. Majina ya babu zetu alikuwa anayakusanya ya nini? Wakasema amemtoa Shija kafara, na sote tumesikia kwa masikio yetu alipokuwa anamtoa.

Asubuhi alikuta mlango wake umepakwa majivu. Ninyi mmekua wakati mwingine, huenda mkaona ni mchezo wa watoto. Sisi tulijua wanawake waliokatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko yale. Alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Nilisoma, mwanangu," aliniambia. "Nilitazama, nikasoma. Shija nilimwingiza mwenyewe, akanitania kuhusu miwani. Sikumtoa. Kama nilimtoa bila kujua, niambie, nijue nife na nini."

Niliogopa kwamba huenda kidole chake kiliteleza kweli, na kwamba mimi ndiye nitakayelithibitisha hilo. Mazishi yalikuwa kesho yake mchana. Nilijifungia na ile mashine na Mama Kulwa akabaki, hakuwa na pengine pa kwenda.

Vijana, kazi ya kutafuta kosa haina ushujaa. Ni kurudia jambo lile lile mpaka jirani yako akuonee huruma. Niliingiza watu wa kubuni kwenye chumba cha pili, nikawaweka wote ndani. Nikafanya kila kitu kilichofanyika mchana ule: kuingiza, kutoa, kufungua chumba hiki, kufunga kile. Hakuna kilichobadilika. Nilizima, nikawasha, nikaanza upya. Mama Kulwa ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo tu, kwamba kabla mlipuaji hajaita alikuwa amechapisha karatasi ya wachorongaji, kwa sababu kulikuwa na mgeni ameanza kazi siku hiyo.

Huyo mgeni alikuwa ametoka mbali, na jina lake, pamoja na la baba, la babu na la kijiji, lilikuwa refu kuliko yote tuliyowahi kuandika. Silitaji jina hilo, hata leo. Nililiandika kwenye chumba cha kwanza kama alivyoliandika yeye, nikaagiza lichapwe, nikageuka kutazama chumba cha pili.

Alama ya "ndani" mbele ya mtu wangu wa kubuni ilikuwa imetoweka. Kompyuta haikutoa mlio, haikuonya. Mahali pake palikuwa peupe, na kwa programu ile mahali peupe maana yake ni nje.

Nilirudia kwa jina fupi, alama ikabaki. Nikarudia kwa lile refu, ikatoweka. Nikarudia mpaka wino wa printa ukafifia. Vile vyumba viwili vilikuwa na mlango mmoja wa pamoja, pale vinapokabidhi maandishi yaende kwenye printa. Aliyetengeneza ile mashine ya kujifanya alitenga hapo nafasi ya mstari wa urefu fulani, na hakuwahi kuiambia mashine ipime kinachokuja kabla ya kukipokea. Kilichozidi kilimwagikia mbele, kwenye kumbukumbu ya chumba cha pili, na mkia wa mstari ulikuwa nafasi tupu zinazofuata jina. Zile nafasi tupu ndizo zilizoiangukia alama ya Shija zikaifuta. Kibiriti cha jirani. Kwenye mashine halisi ya zamani, jina refu namna ile lingegandisha kompyuta, tungelaani, tungeanza upya, na Shija angepanda juu kula ugali wake.

"Kwa hiyo nilisema kweli?" Mama Kulwa aliuliza.

"Ulisoma kweli, mama. Kilichoandikwa pale ndicho kilichokuwa uongo."

Nilitegemea atapata nafuu. Alilia kwa uchungu kuliko nilivyomwona akilia tangu jana yake. "Lakini ni mdomo wangu," alisema. "Mdomo wangu ndio uliosema hakuna mtu."

Kulipokucha nilimwita meneja, nikamwonyesha. Alitazama mara tatu, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema, "Hili lisitoke nje mpaka makao makuu waseme." Nikamwambia mazishi ni leo na makao makuu hawana mlango uliopakwa majivu. Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nilifikiria, kwa kweli nilifikiria njia nzima, maana nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Mama Kulwa alitaka kwenda kuzika. Asipokwenda, watasema ameogopa maiti yake. Akienda, hakujua atarudi vipi. Tulikwenda pamoja. Tulipoketi mkekani, wanawake waliokuwa karibu walisogea mbali mmoja mmoja mpaka tukabaki wawili kwenye mkeka wa watu kumi. Vijana walisimama karibu na zizi wakimtazama. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kwenye jua lile.

Nikanyanyuka nikaenda kwa Mzee Luhende, nikapiga goti, nikaomba nafasi ya kusema. Alinitazama kana kwamba ananitafuta kwa mbali. "Sema, mayu," akaniambia. "Wote wamesema."

Jinsi ya kueleza jambo lile kwa watu wasiowahi kugusa kompyuta niliiwaza njia nzima. Nikawaambia hivi. Mnazijua nyumba za kupanga za machimboni. Mwenye nyumba ana paa moja, anagawa vyumba kwa kuta, lakini kwa kuokoa tofali ukuta haufiki paani. Mpangaji anaingia, anafunga mlango wake kwa kufuli, anaamini ana nyumba yake. Lakini jirani akirusha kitu juu sana, kinavuka ukuta na kumwangukia mwenzake kitandani. Kompyuta ya getini ni nyumba ya namna hiyo. Tuliambiwa kuta zinafika juu. Hazikufika. Chumba cha pili kiliangukiwa na maandishi kutoka chumba cha kwanza, yakafuta alama ya Shija, na Mama Kulwa akasoma ukuta uliokwisha kufutwa.

Walinielewa. Niliona watu wakitazamana, kila mmoja alikuwa amewahi kuangukiwa na kitu cha jirani. Mmoja kati ya wale vijana wa zizini akauliza, "Sasa kilichorushwa ni nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilitaka kusema ni mambo ya mashine tu, basi, yaishe. Lakini nisingesema, wangesema karani ndiye aliyerusha. "Ni jina," nilijibu. "Jina la mtu. Lilikuwa refu kuliko nafasi yake."

Mzee Luhende hakuuliza jina la nani. Alilaza fimbo magotini. Kisha akauliza polepole, "Lingeandikwa jina lake na la baba yake tu, kama zamani, lingevuka ukuta?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo na mtu yeyote mwenye digrii. Nilimtazama Mama Kulwa kwenye mkeka wake mtupu.

"Lisingevuka, baba."

Wote walikumbuka nani alikwenda getini na fimbo. Mzee alitikisa kichwa, mara moja, kana kwamba amepokea salamu. "Nilishamlilia mara moja," alisema. "Nilidhani yamekwisha." Halafu akainuka, akatembea hadi kwenye mkeka ule, akaketi karibu na Mama Kulwa, akamshukuru kwa sauti iliyofika zizini, "Wabeja, mayu, kwa kuwaandika wote." Vijana wakaondoka pale walipokuwa wamesimama.

Yaliyofuata ni mafupi. Mimi nilipewa barua ya onyo. Waliotengeneza ile programu, huko ng'ambo, walijibu kwamba watumiaji wanashauriwa wasizidishe urefu wa majina. Makao makuu wakaona ni ushauri mzuri, majina yakafutwa yote, kila mtu akawa namba. Nililipigania gunia la visahani mpaka likarudi kutoka stoo, na ubao ukapigiliwa upya, hilo pekee nililishinda. Mama Kulwa hakurudi getini. Alihamia kwa ndugu zake Ushetu akalima tumbaku. Nilipomtembelea aliniambia kwamba analala vizuri, nami nikajifanya kuamini. Mzee Jayanti alifariki kabla sijampelekea habari kwamba kipya kilinikosea, na namna kilivyokosea.

Leo ninyi mna vyumba vingi kwenye mashine moja kuliko madirisha ya jengo lenu, na ndani yake mmeweka benki, hospitali na mitihani ya watoto. Kila muuzaji atawaambia kuta zinafika paani. Muulizeni amepanda lini kutazama.

Kitu kimoja cha siku ile nimekiacha mpaka sasa. Wakati jeneza linaletwa, seremala aliyekuwa akiandika msalaba alikuja kwa Mzee Luhende, brashi mkononi, anaona haya. Alisema ubao ni mfupi. Aandike Shija Luhende tu, kwani kila aliyepo anamjua.

"Andika yote," mzee alisema. "Shija Luhende Masanja wa Mwabusiga."

"Haitaenea, mzee."

"Andika yote."

Seremala hakubishana. Alichukua mkaa, akaliandika jina lote kwenye kipande cha bati, akalipima kwa kamba kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kutafuta ubao mwingine unaolitosha. Tulimsubiri, tukisikiliza msumeno, na hakuna mtu aliyemwambia afanye haraka.